Sanduku la Maswali: Safu ya Ripoti Inapotoa Jibu Lisiloeleweka

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja. Mtu ametengeneza safu yake mwenyewe kwenye programu ya kusimamia miradi, ameiandikia fomula, kisha ripoti ikatoka na namba ambazo mkuu wa kazi au mfadhili hazielewi. Walio wengi mnatumia Microsoft Project, kwa hiyo majibu mengi yameegemea huko. Wenye OpenProject, Primavera P6 na Excel wamejibiwa mbele kidogo.

Kabla ya barua ya kwanza tunaomba mshike jambo moja, kwa sababu litajirudia: chagua aina ya safu kabla ya kufikiria fomula. Microsoft Project inakupa safu tupu za kazi ambazo unaweza kuzipa jina lako: 30 za maandishi (Text1 hadi Text30), 20 za namba (Number), 20 za ndiyo au hapana (Flag), na 10 kwa kila aina ya gharama, tarehe na muda. Jina utalibadilisha upendavyo. Aina huwezi kuibadilisha. Namba iliyowekwa kwenye safu ya maandishi haijumlishwi, haichorwi kwenye chati, na ukiipanga kwa ukubwa, 10 itatangulia 2.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Niko kwenye mradi wa barabara ya changarawe. Nataka safu ya kuonyesha kila kazi imechelewa siku ngapi ukilinganisha na mpango wa awali. Nimejaribu fomula mbili. Moja inatoa 5 mahali ambapo mimi nahesabu siku 2 tu za kazi. Nyingine inatoa 1440. Ipi ni sahihi?
Mhandisi, Hoima

JIBU: Mhandisi, hakuna iliyokosea hesabu. Kila moja inajibu swali lake, na lako bado halijaulizwa.

Ya kwanza bila shaka ni [Finish]-[Baseline Finish], yaani tarehe ya kwisha kutoa tarehe ya kwisha ya mpango wa awali. Ukitoa tarehe kwenye tarehe, programu inahesabu siku za kalenda ya ukutani, pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ya pili ni hii:

ProjDateDiff([Baseline Finish],[Finish])

Hii inahesabu muda wa kazi kwa kufuata kalenda ya mradi, lakini jibu lake ni dakika. Ndani ya Microsoft Project muda wote wa kazi umehifadhiwa kwa dakika: siku ya saa 8 ni dakika 480. Kwa hiyo 1440 ni siku 3 za kazi. Ili upate siku, gawanya:

ProjDateDiff([Baseline Finish],[Finish])/[Minutes Per Day]

Mpangilio wa tarehe una maana. Tarehe ya mpango ikitangulia, namba chanya ni ucheleweshaji na namba hasi ni kuwahi. Ukizigeuza, ripoti nzima inageuka.

Sasa tuone kwa nini unapata 3 na wewe unahesabu 2. Chukua kazi iliyopangwa kwisha Ijumaa tarehe 5 Juni 2026, ikaisha Jumatano tarehe 10. Kwa kalenda ya ukutani ni siku 5. Kwa kalenda ya kawaida ya programu ni siku 3: Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Lakini Jumanne tarehe 9 Juni ni Siku ya Mashujaa, na hapa Uganda ni sikukuu. Programu haijui hilo. Kalenda ya “Standard” inakuja bila sikukuu hata moja, ya nchi yoyote. Ukiiingiza siku hiyo, jibu linakuwa 2, ambalo ndilo lako. Na kama kikosi chako kinafanya kazi Jumamosi kutwa, jibu linarudi kuwa 3, kwa sababu Jumamosi tarehe 6 nayo inahesabiwa. Kazi moja, tarehe zile zile, majibu matatu ya kweli. Ndiyo maana tunasisitiza kalenda irekebishwe kwanza, fomula ifuate.

Nenda kwenye kichupo cha “Project”, bonyeza “Change Working Time”, kisha kwenye “Exceptions” andika sikukuu moja moja. Zile zenye tarehe isiyobadilika ziweke zijirudie kila mwaka kwa kubonyeza “Details”: 1 Januari, 26 Januari, 16 Februari, 8 Machi, 1 Mei, 3 Juni, 9 Juni, 9 Oktoba, 25 na 26 Desemba. Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Idi zote mbili zinahama, hivyo ziandike kila mwaka peke yake. Idi ngoja itangazwe, usikisie.

Kuna mtego mwingine unaowapata sana watu wa barabara. Kikosi kinafanya kazi saa 10 kwa siku, basi mtu anaingia kwenye mipangilio na kubadilisha “Hours per day” kuwa 10, akidhani amemaliza. Kipimo hicho hakibadilishi kalenda. Kinabadilisha tu namna programu inavyogeuza dakika kuwa siku. Kalenda ikibaki kwenye saa 8, zile dakika 1440 zitagawanywa kwa 600, na utaona siku 2.4 ambazo hakuna mtu kazini anayeweza kuzieleza. Badilisha vyote viwili, kalenda na kipimo, au usiguse chochote.

La mwisho kwako: kazi zilizoongezwa baada ya mpango wa awali kuhifadhiwa hazina tarehe ya mpango. Programu inaonyesha NA, yaani hakuna thamani, na fomula juu ya NA hutoa #ERROR au namba ya ajabu. Zikinge hivi:

IIf([Baseline Finish]=ProjDateValue("NA"),0,ProjDateDiff([Baseline Finish],[Finish])/[Minutes Per Day])

Sifuri hapo inasema “haijachelewa”, wakati ukweli ni “haikuwemo kwenye mpango”. Kwa hiyo tengeneza Flag moja kando, iite “Haina mpango”, ujue ni kazi zipi. Msimamizi wa mkataba atauliza habari zake kabla ya kuuliza habari za kuchelewa.

SWALI: Tunachimba visima na kufundisha kamati za maji. Mfadhili anataka safu ya asilimia ya gharama iliyozidi bajeti. Fomula yangu inafanya kazi kwenye baadhi ya mistari, mingine inatoa #ERROR, na mistari ya muhtasari iko tupu kabisa. Nilipochagua ijumlishe, jumla ya mradi ikasema 60%. Nimeshtuka, maana hatujazidi hivyo.
Afisa mradi, Moroto

JIBU: Pole kwa mshtuko. Hamjazidi hivyo.

#ERROR inatokana na kugawanya kwa sifuri: kazi isiyo na bajeti, kama kikao au kibali, ina [Baseline Cost] ya 0. Fomula iwe hivi, kwenye safu ya namba:

IIf([Baseline Cost]=0,0,([Cost]-[Baseline Cost])/[Baseline Cost]*100)

Mistari ya muhtasari, ile inayokusanya kazi zilizo chini yake, ni jambo la pili, na hapa ndipo ripoti nyingi za wafadhili zinapoharibika. Kwenye dirisha la “Custom Fields”, chini ya fomula, kuna sehemu ya mistari ya muhtasari yenye machaguo matatu: “None”, “Rollup” na “Use formula”. Linalokuja lenyewe ni “None”, ndiyo maana mistari yako ilikuwa tupu. Wewe ukachagua “Rollup” na “Sum”, programu ikajumlisha asilimia. Asilimia hazijumlishwi.

Tazama kwa shilingi. Kisima kilipangiwa 30,000,000, sasa ni 33,000,000, yaani kimezidi 10%. Mafunzo yalipangiwa 2,000,000, sasa ni 3,000,000, yaani yamezidi 50%. “Sum” inatoa 60%. Ukichagua “Average” inatoa 30%, nayo ni uongo, kwa sababu mafunzo ya milioni 2 yamepewa uzito sawa na kisima cha milioni 30. Ukweli ni kwamba mmezidi 4,000,000 juu ya 32,000,000, yaani 12.5%. Jibu hilo hulipati ila kwa “Use formula”: mstari wa muhtasari unachukua gharama zake zilizokwisha kujumlishwa, kisha unazipitisha kwenye fomula ile ile.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi. Kiasi cha shilingi, mita au idadi ya visima kinajumlishwa kwa “Rollup”. Uwiano wowote, asilimia au gharama kwa mita, unapitishwa kwenye “Use formula”.

Angalia pia mpango wa awali wenyewe. Ukiongeza kazi mpya na kuihifadhi bajeti yake peke yake, bajeti ya mstari wa muhtasari haiongezeki yenyewe. Wakati wa kuhifadhi kwenye “Set Baseline” chagua kazi zilizoteuliwa, na uweke alama kwenye “To all summary tasks”. Ukiisahau, gharama ya juu itakuwa na kazi mpya, bajeti ya juu haitakuwa nayo, na asilimia itavimba bila mtu kutumia hata shilingi.

Safu ya namba haioneshi alama ya %. Wengi wanaikimbilia safu ya maandishi kwa ajili ya alama hiyo tu, na hapo wanapoteza hesabu. Tengeneza mbili. Number1 ihesabu. Text1 ionyeshe tu, kwa fomula Format([Number1],"0.0") & "%", nayo pia ichaguliwe “Use formula”. Text1 ndiyo iende kwenye karatasi ya mfadhili. Kupanga, kuchuja na kuchora kufanyike kwa Number1. Na kwa kuwa shilingi yetu haitumii senti, nenda kwenye mipangilio ya “Display” uweke UGX na desimali 0. Safu zitapungua upana na ukurasa utatosha.

SWALI: Ofisi yetu inaripoti kwa robo za mwaka wa fedha wa serikali. Nimebadilisha mipangilio ya programu mwaka uanze Julai, lakini safu niliyoitengeneza bado inaita Julai “robo ya 3”. Nifanyeje?
Karani wa mipango, Jinja

JIBU: Mpangilio ule unabadilisha kipimo cha wakati kilicho juu ya chati tu. Fomula haiutazami. Ukiandika Month([Finish]), Julai ni mwezi wa 7 hata ufanyeje. Mwaka wetu wa fedha unaanza 1 Julai na kwisha 30 Juni, basi iambie fomula yenyewe. Kwenye safu ya maandishi:

IIf(Month([Finish])>=7,Year([Finish]) & "/" & (Year([Finish])+1),(Year([Finish])-1) & "/" & Year([Finish])) & " R" & Choose(Month([Finish]),3,3,3,4,4,4,1,1,1,2,2,2)

Kazi inayokwisha Agosti 2026 itasomeka “2026/2027 R1”. Inayokwisha Februari 2027 itasomeka “2026/2027 R3”. Mwaka umetangulia robo kwa makusudi, ili ukipanga kwa herufi mfuatano utoke sawa. Kisha panga makundi kwa safu hiyo kwenye “Group By”, na kila robo itakuwa na kichwa chake.

Hata hivyo, Ndugu, usiitumie safu hii kugawa fedha. Inaitazama tarehe ya mwisho peke yake. Kazi ya kujenga darasa iliyoanza Aprili ikaisha Septemba itapeleka gharama yake yote kwenye robo ya 1 ya mwaka unaofuata, wakati nusu ya saruji ililipwa kabla ya 30 Juni. Hilo si jambo dogo: kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, fedha zilizoidhinishwa na Bunge zinafikia kikomo mwaka wa fedha unapofungwa. Ripoti ya fedha itoe kwenye mwonekano wa “Task Usage”, ambao unagawa gharama kwa miezi kadiri kazi inavyokwenda. Au ikate kazi iwe mbili, mpaka ukiwa 30 Juni. Sisi tunapendelea kuikata, kwa sababu mkaguzi anaona mpaka kwa macho bila kufunguliwa programu.

Wachache mmeandika kwamba fomula kama hii inakataliwa kabisa, ikidai kuna kosa la uandishi. Tazama mipangilio ya eneo kwenye Windows. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama nyingi zinazotoka kwenye ofisi za ng'ambo ya mpaka wa Kongo, inataka nukta-mkato mahali petu pa mkato.

SWALI: Nasimamia ratiba ya ujenzi wa nyumba za askari. Niliweka taa: nyekundu kwa iliyochelewa, njano kwa isiyoanza, kijani kwa iliyo sawa. Kila kazi ambayo haijakwisha inatoka nyekundu, hata za mwaka kesho. Nikichapisha, zote zinatoka rangi moja ya kijivu. Mkuu hawezi kusoma.
Afande, Kampala

JIBU: Afande, fomula yako ya [Finish]<[Status Date] iko sawa. Kilichokosekana ni tarehe yenyewe ya hali ya mradi. Usipoiweka inabaki NA, na ndani ya fomula NA ni tarehe ya mbali mno mbele. Kila kazi inakwisha kabla ya tarehe hiyo, basi kila kazi imechelewa.

Iweke kwenye kichupo cha “Project”, sehemu ya “Status Date”. Iwe ile siku taarifa za uwanjani zilipokusanywa. Isiwe siku unayochapisha. Kama mafundi walihesabu Ijumaa na wewe unachapisha Jumatano, ukitumia tarehe ya Jumatano utawashtaki kwa siku ambazo hawajaripoti. Kisha fomula, kwenye safu ya maandishi:

IIf([Status Date]=ProjDateValue("NA"),"Weka tarehe",Switch([% Complete]=100,"Imekwisha",[Finish]<[Status Date],"Imechelewa",[Start]<[Status Date] And [% Complete]=0,"Haijaanza",True,"Sawa"))

Switch inasoma kutoka kushoto na kusimama kwenye sharti la kwanza lililo kweli. Kwa hiyo “Imekwisha” lazima itangulie, la sivyo kazi iliyokwisha zamani itaitwa iliyochelewa. Lile True la mwisho linakamata kila kilichobaki; bila hilo utapata #ERROR kwenye kazi zisizo na tatizo lolote.

Taa zinawekwa kwa kitufe cha “Graphical Indicators”. Nazo zinasomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayokubali ndiyo inayoonekana. Mistari ya muhtasari ina orodha yake ya masharti. Kama unataka ifuate ile ya kazi, weka alama kwenye kisanduku cha kurithi. Weka pia alama ya kuonyesha thamani, ili mtu akielekeza kishale juu ya taa aone neno.

Kuhusu kuchapisha, mashine ya ofisi yako ni ya wino mweusi, na nyekundu na kijani kwenye wino mweusi ni kijivu. Usitumie duara tatu za rangi tofauti. Chagua maumbo tofauti: bendera kwa iliyochelewa, duara kwa isiyoanza, alama ya tiki kwa iliyokwisha, na iliyo sawa iache tupu. Ukurasa wenye alama chache unasomeka upesi. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, chapisha safu ya neno lenyewe, “Imechelewa”, kando ya alama.

SWALI: Sisi tunatumia OpenProject. Nimetengeneza safu ya “Wilaya” kama msimamizi wa mfumo. Ipo kwenye orodha, lakini wenzangu hawaioni kwenye jedwali la kazi.
Mtaalamu wa kompyuta, Mbarara

JIBU: Kuiunda ni hatua ya kwanza kati ya tatu. Ya pili: fungua mipangilio ya aina ya kazi husika, na kwenye fomu yake iburute safu hiyo iingie. Aina tano zikihitaji wilaya, fanya mara tano. Ya tatu: iwashe kwenye kila mradi, au uweke alama ya miradi yote tangu mwanzo. Hapo ndipo itaonekana kwenye orodha ya safu za jedwali. Redmine, programu nyingine ya miradi, inafanana na hii, ila huko utaona visanduku vya aina za kazi na vya miradi kwenye ukurasa ule ule wa safu, pamoja na kisanduku cha kuiruhusu itumike kuchuja. Kikiachwa, safu itaonekana lakini haitachuja.

Wilaya iwe aina ya orodha. Usiache watu waandike wenyewe. Ukiacha, utapata “Isingiro”, “ISINGIRO” na “Isingiro Dist.” kama wilaya tatu, na jumla zako zitagawanyika mara tatu.

SWALI: Nikihamisha ratiba kwenda Excel, safu ya muda haijumlishwi. SUM inatoa 0.
Mhasibu, Lira

JIBU: Kilichofika Excel ni maandishi: “5 days”, na pengine “5 days?” yenye alama ya kuuliza, ambayo Microsoft Project huiweka kwenye muda wa kukadiria. Usihangaike kuyafuta maneno hayo kila mwezi. Rudi kwenye ratiba, tengeneza safu ya namba yenye [Duration]/[Minutes Per Day], uhamishe hiyo badala ya ile ya asili. Kwa saa za kazi tumia [Work]/60.

SWALI: Mkandarasi wetu anatumia Primavera P6, nasi wasimamizi tunataka ndani yake safu ya asilimia ya gharama iliyozidi bajeti kama ile ya Microsoft Project. Hatupati mahali pa kuandika fomula.
Mkaguzi wa ujenzi, Mbale

JIBU: Kwenye P6 Professional safu ya mtumiaji ni kabati tupu, hesabu inafanyika kwingine. Fungua “Enterprise”, kisha “User Defined Fields”, chagua “Activities”, uongeze safu mbili: moja ya aina ya gharama iitwe “Tofauti”, nyingine ya namba iitwe “Asilimia ya tofauti”. Kisha nenda “Tools”, “Global Change”. Mstari mmoja wa Global Change unakubali alama moja tu ya hesabu, kwa hiyo fomula moja inavunjwa vipande. Wa kwanza: Tofauti ni “At Completion Total Cost” kutoa “Budgeted Total Cost”. Wa pili: Asilimia ni Tofauti kugawanya kwa “Budgeted Total Cost”. Wa tatu: Asilimia ni Asilimia mara 100. Juu yake weka sharti kwamba “Budgeted Total Cost” iwe zaidi ya 0.

Programu itakuonyesha orodha ya mabadiliko kabla ya kuyakubali. Isome kweli, kwa sababu ukishakubali hakuna kutengua. Hifadhi nakala ya mradi kwanza.

Tofauti kubwa na Microsoft Project ni kwamba hesabu hii haijirudii yenyewe. Ukibadilisha gharama leo, safu inabaki na jibu la jana mpaka uiendeshe tena. Utaratibu uwe huu kila mwezi bila kuruka: ingiza maendeleo, panga ratiba kwa F9, endesha Global Change, ndipo uchapishe. Ripoti ambayo asilimia zake hazilingani na gharama zilizo kando yake, mara nyingi hatua ya tatu ilisahaulika.

Na mkipokea faili la XER, yaani faili la mradi lililotolewa kwenye P6, kutoka kwa mkandarasi, msiliingize moja kwa moja kwenye hifadhidata kuu ya ofisi. Safu za mtumiaji zinasafiri ndani ya faili na kubaki kwenye hifadhidata nzima, hata mradi wenyewe ukifutwa. Baada ya wakandarasi kadhaa mtakuwa na safu chungu nzima zenye majina ya watu wasiojulikana. Liingizeni kwanza kwenye hifadhidata ya majaribio, msafishe, ndipo mlihamishe.

SWALI: Nina safu nzuri kwenye ratiba moja. Nazipelekaje kwenye ratiba nyingine nane bila kuandika fomula upya?
Msomaji, Arua

JIBU: Fungua faili zote mbili, nenda “File”, “Info”, “Organizer”. Kwenye kichupo cha “Fields” nakili safu kutoka faili la kwanza kwenda la pili, kisha kwenye “Tables” nakili jedwali linalozionyesha, na kwenye “Views” mwonekano wake. Fomula, taa na orodha za machaguo zinakwenda pamoja na safu. Ukizinakili kwenye Global.MPT, faili la mipangilio ya jumla ya programu, zinapatikana kwenye kompyuta hiyo kwa ratiba zijazo, lakini mwenzako wa ofisi ya pili hazipati, kwa kuwa ana Global.MPT yake.

Kabla ya kunakili, angalia faili linalopokea. Kama tayari lina kitu kwenye Number1, tuseme mtu aliandika humo namba za hundi kwa mkono, fomula yako ikiingia itazifuta namba hizo zote. Onyesha kwanza Number1 na Text1 kwenye kila ratiba kati ya hizo nane. Zikiwa na kitu, hamishia safu zako kwenye namba za mbali kama Number18 na Text28, ambako ni nadra mtu kufika, na ubadilishe namba hizo ndani ya fomula pia.